Sijipi tena alama, nahesabu ukimya

Kama kuna mahali walimu tunaandika uongo kwa mwandiko mzuri, ni pale kwenye tathmini ya andalio la somo, ule mpango wa kipindi, panapotakiwa kujazwa baada ya kufundisha. "Somo limeeleweka, wanafunzi wengi wameshiriki." Wapo wanaoiandika asubuhi, kengele ya kipindi haijalia, wala siwalaumu. Zile fomu za kujipa alama 1 hadi 5 nazo ni yale yale: "Ninawashirikisha wanafunzi." Nani atajipa 2?

Mimi kujipima natumia simu. Naiweka mezani, narekodi sauti ya kipindi kimoja cha hesabu, jioni nasikiliza na kalamu mkononi, kisha naifuta. Video siitaki, ningeishia kuliangalia shati langu. Halafu nahesabu kitu kimoja tu.

Muhula huu nahesabu ukimya. Mary Budd Rowe, mtafiti Mmarekani aliyesikiliza rekodi nyingi za vipindi vya sayansi, aligundua kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kulirudia au kumgeukia mwingine. Akivumilia hadi 3, majibu hurefuka, wanaonyamaza hupungua, na hata wale waliohesabiwa kuwa wazito huanza kuchangia. Subira hiyo wengi wetu tulifundishwa chuoni. Iko ya pili, baada ya mtoto kujibu, na hiyo ndiyo ngumu.

Rekodi moja inaonyesha vizuri. Nimeuliza kwa nini theluthi ni kubwa kuliko robo wakati 4 ni kubwa kuliko 3. Msichana anaanza, "Kwa sababu vipande..." na sauti yangu hiyoo: "Vizuri sana! Haya, linalofuata." Alitaka kusema nini? Kipindi kilichofuata nikamrudishia swali lile lile, nikafunga mdomo. Akasema, "Vipande vikiwa vingi, kila kimoja kinakuwa kidogo." Nikaendelea kunyamaza, japo ilikuwa kazi. Kijana wa nyuma akadakia: "Lakini lazima kitu chenyewe kiwe saizi moja, mwalimu." Hilo mimi sikuwa nimelifundisha, na bila hilo theluthi na robo hazilinganishiki.

"Mmeelewa?" nayo nimeifuta. Jibu lake ni "Ndiyooo!" hata ungeuliza kwa Kichina. Badala yake kila mmoja ananiandikia hesabu moja kwenye kikaratasi, bila jina, nazipitia kabla sijaenda nyumbani.

Rekodi hizi simpelekei mkuu wa shule, na ningeshauri asiziombe. Zikishaingia kwenye faili la kupandishwa cheo, tutaanza kurekodi vile vipindi tulivyofanyia mazoezi na darasa tangu jana yake.

Muhula ujao nitahesabu majina: nani namwita, nani simwiti kabisa. Ile safu ya dirishani imeshaanza kunitia wasiwasi.