Uzoefu wangu na sungura wanaonyonyoka manyoya

Sungura akianza kunyonyoka, wengi hukimbilia sindano ya ivermektini, dawa ya kuua wadudu wa ngozi. Mimi kwanza hutazama ni wapi pamebaki wazi.

Jike aliyejinyonyoa kifuani na tumboni, ngozi ikiwa safi, haumwi: anatandika kiota. Mimba ni siku 31 hivi, basi sanduku la kuzalia na nyasi kavu viwepo siku ya 28. Asipozaa, hiyo ni mimba ya uongo, na huisha yenyewe kati ya siku ya 16 na 18. Manyoya yakiwa yamekatika kama kwa mkasi, anatafunwa na mwenzake. Ongeza nyasi kavu, punguza msongamano.

Kazi iko kwenye ukurutu. Ukoko wa kijivu puani, midomoni, pembeni mwa masikio na vidoleni, huku anajikuna, ni wadudu wanaochimba ngozi. Wapo wengine wanaokaa nyuma ya shingo na mgongoni, wakiacha mba nyingi. Hao huwanasa kwa selotepu: naibandika juu ya mba, naihamishia kwenye karatasi nyeusi, kisha nachungulia kwa kioo cha kukuzia. Mba ikitembea, jibu limepatikana.

Ivermektini ya 1% ina miligramu 10 kwa mililita. Daktari wa mifugo hutumia miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo, chini ya ngozi. Kwa sungura wa kilo 2.5, hata kiwango cha juu ni mililita 0.1 tu, yaani alama ya 10 kwenye bomba la insulini la uniti 100. Ukikadiria kwa bomba la ng'ombe utazidisha, kwa hiyo mizani kwanza. Dawa haiui mayai, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 14, mara nyingi hata mara ya tatu, na wote wa banda moja hutibiwa siku hiyohiyo, banda nalo likisafishwa. Ukoko wa masikioni usiubandue. Unauma mno, na utadondoka wenyewe. Fipronili, dawa ya viroboto ya mbwa, usimpake kabisa, inaua sungura.

Viraka vya mviringo vyenye magamba kichwani au miguuni ni fangasi, ndugu wa mapunye. Hapo ivermektini haifui dafu. Vaa glovu, mtenge, watoto wasimbebe, na dawa ya fangasi aipange daktari.