Vipimo vya wahandisi wa mauzo: mawazo ya mwanzo wa Julai

Kisumu

Mwaka wa fedha wa serikali umefungwa tarehe 30 Juni, na pamoja nao zimepungua zile zabuni za kaunti ambazo tangu Aprili zimekuwa zikitukesha ofisini. Wakuu wetu wametumia utulivu huu kuniuliza swali nililolisubiri kwa muda mrefu: wahandisi wa mauzo wapimwe kwa kitu gani? Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, hawa ni wataalamu wanaoandamana na muuzaji kumwonyesha mteja mfumo, kumjibu maswali ya kiufundi, kuandika sehemu ya kiufundi ya zabuni na kusimamia majaribio kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Sisi tunauza mifumo ya kusimamia sacco, na wateja wetu wametapakaa kutoka hapa Kisumu hadi Kericho, Busia na Homa Bay. Muuzaji ana shilingi alizoleta, na fundi anayesimika mfumo ana tarehe ambayo mfumo ulianza kazi. Mhandisi wa mauzo yuko katikati yao, na alichokifanya huonekana tu ndani ya matokeo ya wenzake.

Pendekezo lililo mezani ni kwamba kila mhandisi apewe idadi ya demo, yaani maonyesho ya mfumo mbele ya mteja, za kufanya katika kila robo ya mwaka. Ninalipinga. Demo ni rahisi kuhesabu kwa sababu inaacha alama kwenye kalenda na kwenye risiti za mafuta, lakini mhandisi anayedaiwa idadi hana tena sababu ya kumwuliza muuzaji maswali magumu kabla ya kufunga safari. Je, sacco hii ina bajeti mwaka huu, au bodi inataka kuona tu? Mfumo wanaoutumia sasa unawasumbua wapi? Nani atakuwepo kikaoni, meneja peke yake au pamoja na watu wa mikopo? Mhandisi huyo atakubali kila mwaliko, atafungua slaidi zilezile, na jioni ataandika kwamba ameongeza moja. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliliona jambo hili katika sera ya fedha mwaka 1975: uhusiano wa takwimu uliokuwa ukitegemewa huelekea kuvunjika pale unapotumiwa kudhibiti mambo. Katika timu ndogo kama yetu huvunjika upesi zaidi, kwa kuwa kila mtu anaijua namba yake na ya jirani yake.

Hivi karibuni nilihudhuria demo moja kule Ahero. Mhandisi wetu alikuwa akionyesha jinsi malipo ya M-Pesa yanavyoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mwanachama. Keshia, mama wa makamo ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, akainua mkono. "Kijana wangu, mwanachama akilipa kwa paybill na akakosea namba yake ya uanachama, hizo pesa zinakaa wapi?" Meneja alikuwa tayari ameridhika, na muuzaji wetu alikuwa akitazama saa. Mhandisi akajibu, "Mama, zinaingia kwenye akaunti ya muda. Mfumo hauwezi kumtafuta mwenyewe. Wewe ndiye utakayezilinganisha na ujumbe wa malipo atakaokuja nao mwanachama, kisha uzihamishe, na mtu wa pili aidhinishe." Akaingiza malipo yenye namba mbovu, akamwachia keshia kipanya, na keshia akayahamisha mwenyewe, hatua kwa hatua, huku akiuliza kila kitufe ni cha nini. Kisha akataka kujua, mwezi ukiisha kabla pesa hizo hazijatambuliwa, zitaonekanaje kwenye ripoti inayokwenda kwa SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Hapo wahasibu wawili waliokuwa nyuma wakavuta viti karibu.

Jibu lile lilikuwa kukiri upungufu wa mfumo wetu mbele ya mnunuzi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi bora niliyoiona mwaka huu. Kwenye hesabu ya demo, ni moja tu, sawa na ile ambayo mtu alizungumza kwa saa nzima mbele ya wajumbe wanaosoma simu zao.

Wenzangu wengine wanapendelea kiwango cha ushindi, yaani sehemu ya nafasi za biashara zilizofika kwenye mkataba. Kina maana zaidi, lakini nina shaka nacho kwa mtu mmoja mmoja. Mhandisi akishughulikia nafasi 12 katika robo, mkataba mmoja tu unasogeza asilimia yake kwa zaidi ya 8, na mkataba huo unaweza kupotea kwa sababu ya bei ambayo hakuipanga yeye. Ndiyo maana nataka tutenganishe ushindi wa kiufundi na ushindi wa biashara. Kabla bei haijajadiliwa, mteja aulizwe kama ameridhika kwamba mfumo unafanya kazi anayoihitaji, na jibu lake liandikwe siku hiyohiyo. Kwa zabuni za umma njia ipo tayari: kifungu cha 87 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015 kinataka walioshindwa waarifiwe kwa maandishi na waelezwe sababu. Barua hizo, hata zikiwa fupi, hutuonyesha kama tuliangushwa na sehemu ya kiufundi au na bei, na ni makosa kuziacha zikae kwenye faili la muuzaji.

Kipimo ninachokitaka kuliko vyote ni cha ahadi. Kila "ndiyo, mfumo unafanya hivyo" inayotamkwa mbele ya mteja iingizwe kwenye daftari la nafasi ile, na miezi sita baada ya mfumo kuanza kazi tuhesabu ni ngapi zimesimama. Najua hatari yake: mwenye woga ataacha kuahidi chochote. Kwa hiyo ahadi zisomwe pamoja na ushindi wa kiufundi, kwa sababu anayejificha nyuma ya "tutaangalia" hatamridhisha mteja. Vilevile, nafasi ambayo mhandisi ameifunga mapema kwa sababu mfumo wetu haumfai mteja ihesabiwe kuwa kazi iliyofanyika, mradi sababu imeandikwa na muuzaji ameisoma.

Kuhusu bonasi, ningependa itokane na matokeo ya timu nzima. Tukiifunga kwenye namba ya mtu mmoja, hakuna atakayekubali kwenda kumsaidia mwenzake Kakamega au Siaya.

Pendekezo nitalipeleka Jumatatu. Limebaki suala moja ambalo sijakubaliana na mkuu wa mauzo: nani atakayempigia mteja simu baada ya ile miezi sita. Yeye anataka awe muuzaji, kwa sababu ndiye mwenye uhusiano na mteja. Mimi nataka awe fundi wa huduma, ambaye hana kamisheni ndani ya mkataba ule, na aanze na keshia kabla ya kumpigia meneja.