Lete nikuwekee

Jumapili, usiku. Umeme umerudi, mbu nao wamerudi.

Jana kwenye kikoba tulibishana mpaka adhuhuri kwa ajili ya sanduku. Vijana wetu wanataka tuhamie kwenye simu: kila mtu atume hisa zake, ujumbe uwafikie wote, mkutano uishe kwa nusu saa. Hoja ina uzito, na mimi mweka hazina ndiye ningepumzika kuliko wote. Lakini wanawake wa rika langu na waliotutangulia walikataa katakata. Wanalitaka lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu wasiolala nyumba moja, na pesa zihesabiwe mezani. Mmoja wao ni mwalimu mstaafu, amesoma kutushinda sote. Alisema, "Wanangu, pesa yangu naitaka niione." Kijana mmoja akacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua anakotoka.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Siku ya Idi mtoto wa Ngamiani alikuwa tajiri tangu asubuhi mpaka magharibi. Gauni jipya, viatu vinabana, unapita nyumba kwa nyumba: shikamoo bibi, shikamoo mjomba, na kila nyumba unatiliwa kiganjani mkono wa Idi. Sarafu unazifunga kwenye ncha ya leso, unazisikia zikigongana ukitembea. Jioni ukirudi, mama yuko mlangoni. "Lete nikuwekee, usije ukazipoteza."

Unampa. Utafanyaje, ni mama.

Baada ya wiki kadhaa unaona mpira wa rangi dukani, unaenda kuuliza pesa zako. "Pesa gani? Na hicho unachokula humu ndani kila siku unakilipia wewe?" Nikiwasimulia watu wa Kongwa, wa Kisumu, wa Mombasa, hata wasiosherehekea Idi ila waliopewa na shangazi aliyekuja kutembea, wote wanacheka kwa kicheko kilekile. Hakuna aliyeziona tena.

Sasa angalia kilichotokea kwetu. Dada yangu alishtukia mchezo mapema. Tangu Idi iliyofuata hakurudi nyumbani na senti moja: bembea, kashata, barafu ya ukwaju, picha studio, zikiisha ndipo anaingia ndani akiwa na mdomo mwekundu wa ubuyu. Akaitwa mbadhirifu, mkono unaovuja. Mimi niliyeendelea kukabidhi nikasifiwa kuwa nina akili. Nimefikiria jambo hili miaka mingi na kwa maoni yangu mwenye hesabu sahihi pale nyumbani alikuwa dada. Kama ukiweka hukuti, kula ndiyo busara.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, uliochapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake, ambao nikiusoma namwona dada. Lile jaribio la zamani la peremende nadhani wengi mmelisikia: mtoto anapewa moja, anaambiwa akisubiri bila kuila atapata ya pili. Wao kwanza waliwaahidi watoto rangi nzuri zaidi za kuchorea. Kundi moja likaletewa kama lilivyoahidiwa. Kundi la pili likaambiwa samahani, hazipo. Ndipo peremende ikaletwa. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa, kama dakika 3. Watoto walikuwa 28 tu, kwa hiyo tusiuvike utafiti huo joho lisilo lake, lakini jambo lenyewe linaeleweka hata bila maabara. Miaka na miaka wale wasiosubiri wamehesabiwa kuwa hawana subira. Kumbe wengine walikuwa wanakumbuka tu.

Na isichukuliwe kuwa nasema umaskini. Jirani yetu alikuwa fundi wa majahazi, hali yao ilikuwa chini ya yetu, paa lao la makuti linavuja kila masika. Lakini kila Ijumaa baada ya swala kila mtoto wake alipata thumni, na siku ambayo hana, alisema asubuhi mapema: leo hakuna, msinisubiri. Wale watoto leo ni watu wazima, na sijaona watu wanaoshika pesa kwa utulivu kama wale. Hawaikimbilii wala hawaiogopi.

Mama naye sikumlaumu nilipokua, kwa sababu mama alikuwa na yake. Mwaka 1983 nilikuwa darasa la kwanza. Bidhaa zilikuwa hazionekani, sukari na sabuni ni za foleni kwenye duka la kaya, na watu waliweka jiwe kushika nafasi, wakaenda kupika, wakarudi kusimama nyuma ya jiwe lao. Mwaka huohuo ndipo ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi. Walanguzi walikamatwa, wengine wakatupa mali usiku ili wasikutwe nayo, na hofu ikashuka mpaka kwa watu wa kawaida: ukikutwa na sabuni nyingi utasema umezipata wapi? Mama alikuwa na miche minne. Minne tu. Akaikata vipande, akaifunga kwenye kanga kuukuu, akaifukia ndani ya gunia la mkaa.

Nenda leo nyumbani kwake, inama uchungulie chini ya kitanda. Miche ya sabuni imepangwa kama matofali, ya bluu upande huu, myeupe upande ule, mingine imekauka mpaka imepasuka. Duka liko hatua chache kutoka mlangoni. Ukimwambia, anakutazama kwa huruma, kama mtu asiyejua dunia.

Babu yeye aliumizwa na upande mwingine. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge maisha yake yote, na aliamini ule msemo wa akiba haiozi. Alikuwa na kitabu cha benki alichokifungia kwenye mkoba pamoja na cheti cha ndoa. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Kufika 1990 ilikuwa inakaribia 200, na 1995 ilishavuka 500. Hakuna aliyemwibia, kila shilingi ilikuwa palepale kitabuni. Ila pesa iliyokuwa inatosha kuezeka nyumba ikawa haimalizi hata chumba. Rafiki yake ambaye kila akipata mshahara alinunua bati mbili na kuziegemeza ukutani alikuwa anachekwa. Yeye ndiye aliyehamia kwake.

Ndiyo maana sikubaliani na wataalamu wanaokuja kwenye semina kutufundisha kwamba Waafrika hatujui kuweka akiba. Kila ukipita pembeni ya mji, unaona misingi iliyoota majani, rundo la matofali, nyumba iliyofika lenta ikasimama. Hiyo ni akiba. Imewekwa na watu walioona shilingi ikiyeyuka, na watoto wao wameifuata bila kuuliza. Si sisi peke yetu, wala. Wachumi Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walionyesha mwaka 2011 kwamba Wamarekani walioishi nyakati ambazo hisa zilifanya vibaya waliendelea kuzikwepa kwa miaka mingi baadaye. Wao wakifanya hivyo inaitwa uzoefu.

Kuhusu kazi, nina kumbukumbu moja tu, na inanitosha. Mlango wetu wa uani ulikuwa wa bati na ulilia ukifunguliwa. Ukisikia ule mlio, kila mtoto ghafla ana kazi: huyu ameshika ufagio, yule anachambua mchele, mwingine anasugua sufuria ambayo tayari inang'aa. Kukaa haikuwa kosa kwa kweli. Kukutwa umekaa ndiko kulikuwa kosa. Nimefanya kazi ofisini na watu wa malezi hayohayo, na nikisikia viatu vya bosi kwenye korido naona mafaili yanavyofunguliwa. Mimi mwenyewe leo Jumapili nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mume wangu, aliyelelewa na bibi yake kwa kudekezwa, amelala sebuleni tangu mchana bila wasiwasi wowote, na sijui nimwonee wivu au nimmwagie maji.

Halafu kuna madeni. Mwenye duka alikuwa na daftari, na mwisho wa mwezi alipita kudai. Nilikuwa natumwa mimi mlangoni: "Mwambie baba hayupo." Naijua ile hadithi ya mtoto aliyesema baba amesema hayupo, kila mtu anaichekea. Kwetu haikuchekesha. Mwenye duka alikuwa mtu mpole, aliniangalia, akaangalia viatu vya baba pale kizingitini, akasema haya mwanangu, akaondoka. Sasa natunza hesabu za maduka ya watu, ndiyo kazi yangu. Deni la mteja wangu kwa mtu mwingine nitalifuatilia mpaka lilipwe. Ada yangu mimi mwenyewe ikichelewa, naandika ujumbe, naufuta, naandika upya, natanguliza pole na samahani kama vile mimi ndiye ninayedaiwa. Kila nikisimama mbele ya mlango wa mtu kudai, naviona vile viatu.

Mama ana zaidi ya miaka sabini sasa. Kuna chumba cha uani anachopangisha, na kodi yake ananitumia mimi. "Niwekee," anasema, kwa sababu zikikaa kwake wajukuu watazimaliza. Nilipozipokea mara ya kwanza nilimkumbusha pesa zetu za Idi. Akafikiri kidogo. "Zile? Zilinunua madaftari yenu. Na wewe bado unazidai?"

Kila Ijumaa anapiga simu kuuliza zimefika ngapi, hata kabla sijamwamkia. Juzi nikamuuliza, mama, kwani unanishuku?

"Sikushuku, mwanangu. Nauliza tu. Ngapi?"