Siku waya ulipokatikia konani

Waya wa mashine yetu ya kukatia mawe ulikatika saa tisa alasiri, mkato ukiwa umefika nusu ya jiwe. Nilisikia mlio mfupi kama fimbo inayochapa hewa, kisha magurudumu yanayouendesha yakabaki yanazunguka bila kitu mpaka breki zikayashika. Hakuna aliyeumia. Sheria ya kwanza niliyofundishwa ni kwamba mtu hasimami kwenye mstari wa waya, maana ukikatika, shanga zake za kukatia hufyatuka kama risasi. Ile bati ya kinga ilikuwa na makovu ya kutosha kunifanya niamini.

Jiwe lilikuwa bonge la graniti ya kijivu, urefu mita 2, upana mita 1.2, tani 8 hivi. Mchongaji aliyelileta alitaka tulipasue mara moja tu, kwa mkato wa umbo la S, halafu vile vipande viwili visimamishwe vikitazamana, jicho lione wazi kwamba hiki kimetoka kwenye kile. Kwa hiyo hapakuwa na upande wa kutupa. Kosa lolote lingeandikwa mara mbili.

Waya wenyewe ni kamba ya chuma iliyotungwa shanga ndogo zenye chembe za almasi, kama 40 kwa kila mita, na plastiki ngumu imejaa kati ya shanga na shanga. Unakimbia mita 25 hivi kwa sekunde huku maji yakiupoza na kutoa tope la jiwe. Kompyuta inapandisha na kushusha magurudumu, na inasogeza kitoroli kilichobeba jiwe; miendo hiyo miwili ikienda pamoja, mkato unapinda. Jambo hili lilinivutia tangu mwanzo na linanivutia hadi leo: uzi ulionyooka unazaa wimbi. Hauwezi kuchimba bakuli, kwa sababu kila mahali unapopita lazima uache mstari mnyoofu, lakini wimbi unaweza, na ukiwa na meza inayozunguka unaweza hata kusokota nguzo.

Ila mchoro wa kwenye skrini hauonyeshi tumbo. Jiwe linausukuma waya nyuma, kwa hiyo ncha zake mbili zinatangulia na katikati inabaki nyuma, imepinda kama upinde. Kwenye mstari mnyoofu hilo halina madhara, kwa kuwa katikati itafika tu. Kwenye kona, ncha zinapogeuka, katikati bado iko nyuma, nayo inakata njia ya mkato. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kona. Mimi sikupunguza. Kona ya kwanza ilikuwa imepita salama, nilivyodhani, na nilitaka kumaliza kabla ya giza.

Nilikimbilia stoo kuchukua waya mpya. Mzee, aliyekuwa fundi mkuu wetu, akanishika mkono.

“Kijana, lete kalipa kwanza.”

Tukapima shanga ya ule uliokatika: milimita 10.2. Shanga mpya: milimita 11.

“Sasa huo mpya utapita wapi?”

Nikaelewa papo hapo. Waya unaisha kadiri unavyokata, na ufa unaouacha una upana wake wa wakati ule. Waya mnene zaidi hauingii, na ukiulazimisha unanasa humo humo, tani zote zile zikiwa juu yake. Mzee akaenda ukutani, palipotundikwa vipande vya waya wa zamani, kila kimoja na karatasi iliyoandikwa kipimo chake. Kwa miezi mingi nilikuwa navipita bila kujua ni vya nini. Akachagua kimoja cha 10.1.

Tulikata ncha zilizoharibika, tukaangalia mishale ya mwelekeo kwenye waya ili shanga zote zielekee upande mmoja, tukapitisha waya ndani ya ufa. Kabla ya kuunga aliusokota, zamu moja na nusu kwa kila mita, ili ujiviringishe wakati unakata na shanga ziishe pande zote sawasawa. Kisha akabana kiungo kwa koleo la haidroliki, mara tatu, akikigeuza kidogo kila mara. Tukagonga kabari zaidi ili kipande cha juu kisilalie waya. Mwisho akaniambia niuvute kwa mikono yangu, kwenda na kurudi, mpaka nihakikishe hakuna mahali unashika.

Safari hii kila kona niliingia polepole sana, nikisikiliza. Waya unaokata vizuri una mvumo mmoja; ukianza kulemewa sauti inashuka, na unaisikia kabla kipimo cha mashine hakijaonyesha. Tulimaliza saa tano usiku.

Asubuhi kreni iliinua kipande cha juu na mchongaji alikuwapo. Mzee akalaza rula ndefu ya chuma juu ya uso wa kipande cha chini, kufuata njia ya waya, akaanzia kona ya kwanza, ile niliyodhani imepita salama. Ncha zote mbili za rula ziligusa jiwe, na katikati mwanga ukapenya chini yake: milimita 4. Kwenye kipande cha juu, mahali hapo hapo, rula ilichezacheza juu ya kinundu. Kinundu unakisaga. Shimo huwezi kulijaza, ni mpaka uushushe uso wote uliolizunguka.

Kisha akaisogeza rula, akavuka ule mstari mwembamba ambapo waya ulikatika, akailaza kwenye kona ya mwisho. Mchongaji akainama, akafunga jicho moja, akachungulia. Mwanga haukupita.

“Nataka yote iwe hivi,” alisema.

Tulisaga siku nne, mimi kwenye kipande chenye shimo, Mzee kwenye chenye kinundu, grainda zikitiririka maji, rula ikipita mikononi mwetu kila baada ya dakika chache.