Nilivyojifunza kushuka Kitonga

Kupanda Kitonga, ule mlima wa barabara kuu ya kwenda Iringa, si kazi. Gari linanguruma, linakwenda kinyonga, wewe unatafuna muhogo na utingo anasinzia. Kazi ni kushuka, na sisi wa Dar es Salaam–Tunduma tunashuka wakati wa kurudi, tukiwa na shaba ya Kongo au ya Zambia mgongoni. Gari la ekseli 7 linaruhusiwa tani 56 kwa jumla. Uzito huo ndio unaokusukuma kwenye kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo.

Nilianza malori nikiwa na miaka sita ya daladala, pamoja na kifua cha daladala. Niliamini udereva ni moyo. Safari ya tatu, mchana kweupe, nilianza kuteremka na gia kubwa kwa sababu gari lilikuwa limetulia. Mguu ukahamia kwenye breki. Kona ya kwanza sawa, ya pili sawa. Kisha ikaja harufu ya kuungua. Kutazama kioo, moshi unafuka kwenye tairi za tela. Nikakanyaga, breki ikaitika kivivu. Nikakanyaga tena na tena, mshale wa upepo unaoendesha breki nao ukaanza kushuka. Kilichoniokoa ni sehemu pana pembeni ya barabara, na bahati kwamba mbele yangu hapakuwa na basi. Utingo aliruka akaweka mawe. Hakunisemesha mpaka tulipofika Mikumi.

Mzee mmoja kazini kwetu, aliyeizeekea barabara ile, aliposikia alinikalisha chini ya tela. Nilidhani atanipa moyo. Akaniuliza, "Kijana, ulipopanda pale ulikuwa gia ya ngapi?"

Sikukumbuka.

"Sasa ulishukaje?"

Akanieleza taratibu. Ukiwa na mzigo, gia ambayo ungepandia, au ndogo zaidi, ndiyo ya kushukia, na unaiingiza ukiwa bado kileleni kabla mteremko haujaanza, maana katikati gia inaweza kukataa kuingia ukabaki nyutro, bila gia yoyote. Injini ndiyo inayoshika gari; breki ya mguu ni ya kupunguza kidogo na kuachia. Ukiikalia, ngoma za breki zinapata moto na kutanuka, lainingi zinazozibana zinapoteza nguvu. Ukipampu ovyo, unamaliza upepo kabla kompresa haijajaza mwingine. Mambo haya nilikuwa nimeyasikia zamani, nayo leseni ninayo. Lakini kusikia kwangu kulikuwa kwa mtu anayejua tayari.

Nikanunua daftari la shule. Kila nilipopanda Kitonga na mzigo, utingo alinishikia kalamu: kona hii gia fulani, hapa lori lililo mbele lilisimama, hapa pana nafasi ya kuegesha. Madereva wenzangu walicheka, wakaniita mwanafunzi. Sawa. Nikaongeza na kituo kabla ya mteremko: ninatoa maji yaliyojikusanya ndani ya mitungi ya upepo, ninazunguka gari zima kuangalia breki zilivyokazwa, mabomba ya upepo ya tela, tairi. Inachukua karibu nusu saa, na bosi akipiga simu wakati huo anasubiri.

Siku niliyoshuka tena na mzigo kamili niliogopa kuliko ile mara ya kwanza. Hili sikulitegemea. Nilifikiri nikishajiandaa woga utakwisha, kumbe sasa nilikuwa ninajua vizuri ni nini kinaweza kuniua. Kiganja kilitoa jasho kwenye usukani. Ila mikono ilikuwa na kazi yake: gia ndogo, injini ikavuma kwa hasira, mguu ukagusa na kuachia, ukagusa na kuachia. Basi likapiga honi nyuma yangu, likanipita. Siku za daladala ningelifukuza.

Sasa hivi asubuhi inayonitia wasiwasi ni ile ninayoamka Makambako nikiwa sina hofu yoyote. Siku hiyo ninazunguka gari mara mbili.

Siku ile ya kushuka tena, chini ya mlima niliegesha, nikasogeza mgongo wa mkono karibu na ngoma za tela bila kuzigusa. Vuguvugu tu. Nikampigia mzee.

"Gia ya ngapi?"

Nikamtajia.

"Haya. Hapo mbele Ruaha Mbuyuni nichukulie kiroba cha vitunguu. Vidogo vidogo, usikubali vilivyojaa maji."