Kasia la kwanza
Leo nimeshika kasia la mashindano kwa mara ya kwanza, viganja vimejaa malengelenge. Kiti kinateleza mbele na nyuma, kwa hiyo nguvu nyingi inatoka miguuni, na unakwenda kinyumenyume bila kuona uendako!

Nimerudi nikaanza kusoma historia. Kwenye Olimpiki ya Athens 1896 mbio za makasia zilifutwa kwa hali mbaya ya hewa, zikaanza Paris 1900, mtoni Seine. Huko Waholanzi wawili walimshusha mshika usukani wao kwa uzito wake, wakampakia mtoto mdogo, wakachukua ubingwa. Nimeipenda sana hiyo.

Wanawake lakini walisubiri hadi Montreal 1976, tena kwa mita 1,000, nusu ya umbali wa wanaume. Miaka 76! Hilo limeniuma kweli.