Mchana Ichiro Alipoaga

Watu wakiniuliza nani mchezaji bora kuwahi kushika fimbo ya besiboli, simtaji mtu wa homurani. Wapo waliopiga mpira ukavuka ukuta zaidi ya mara 700, na heshima yao wanayo. Mimi namtaja Ichiro Suzuki. Huyu jina lake alilijenga kwa mipira midogo midogo: unaoteleza chini kati ya walinzi wawili, unaodondoka nyuma ya mmoja na mbele ya mwingine, unaodunda kivivu kumfuata mlinzi, na mlinzi akiinuka kurusha, Ichiro keshafika kituo cha kwanza. Hiti ndiyo hiyo, kupiga na kufika salama. Alizipata 4,367 katika ligi kuu za nchi mbili, 1,278 Japani na 3,089 Marekani. Mimi nataka kusimulia moja aliyoikosa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 21 Machi 2019. Nilikuwa nauza vipuri kwenye duka la mjomba wangu, Gerezani. Mji mzima wiki ile ulikuwa na habari moja tu: Jumapili Taifa Stars wanacheza na Uganda pale Uwanja wa Taifa. Tukishinda, na Lesotho wasishinde kule Cape Verde, tunakwenda AFCON, ambako hatukuwa tumefika tangu 1980. (Tulishinda 3-0, na tulikwenda.) Wateja walikuwa wanaingia kuulizia shokapu za Noah wanatoka wakimzungumzia Samatta. Fundi mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi akipiga hesabu za pointi za kundi, kila apitaye anaelezwa upya.

Mimi roho yangu ilikuwa Tokyo.

Besiboli nilifundishwa sekondari na kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea. Tulimwita Sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani. Siku hizi wapo vijana wanaocheza kwenye uwanja wa besiboli hasa, ule wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, lakini sisi tulianzia kwenye uwanja wa mpira wa miguu wenye kipara katikati, na glovu tulikuwa tunapokezana. Siku ya kwanza Sensei hakutufundisha kurusha wala kupiga. Alitukalisha chini, akatoa brashi, kitambaa na kikopo cha mafuta. Kwanza vumbi la kwenye mishono, kwa brashi, taratibu, mpaka kwenye pembe ya kidole gumba. Kisha mafuta kidogo kwa ncha za vidole viwili, unazungusha palipo kiganja mpaka ngozi ibadilike rangi. Kisha mpira unawekwa ndani, glovu inafungwa kwa kamba, inalala nao usiku kucha. Kuikalia ni marufuku, kuitupa chini ni marufuku. Akasema Ichiro husafisha ya kwake kwa mikono yake kila siku, na ni mtu mwenye uwezo wa kuajiri watu kumi wa kumfanyia kazi hiyo. Ndiyo siku niliyolisikia hilo jina.

Sensei alikuwa mtu wa Kobe. Tarehe 17 Januari 1995, alfajiri, tetemeko liliupiga mji ule na watu zaidi ya 6,000 wakafa. Yeye alikuwa mtoto mdogo. Timu ya nyumbani, Orix BlueWave, ilikuwa na Ichiro mwenye miaka 21, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi msimu uliotangulia: hiti 210, mtu wa kwanza katika ligi kuu za Japani kufikisha 200 kwa msimu mmoja. Mwaka ule wa tetemeko wachezaji walivaa jezi zenye maneno mkononi ya kuutia mji moyo, wakachukua ubingwa wa Ligi ya Pasifiki. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa Japani nzima. Sensei alikuwa akitusimulia haya jioni tukikusanya vifaa, na Kiswahili chake cha kuungaunga kilikuwa kinanyooka chenyewe akifika hapo. Familia yake ilikuwa inalala kwenye ukumbi wa shule pamoja na majirani. Baba yake alitafuta redio ndogo kabla hata ya kutafuta godoro, na usiku wa mechi watu wazima walikuwa wananyamaza ili wasikie kama Ichiro kafika kituoni.

Sasa mwaka 2019 Seattle Mariners, timu ya Ichiro ya Marekani, walikwenda Tokyo kufungua msimu dhidi ya Oakland, mechi mbili, na Ichiro alikuwemo, ana miaka 45. Sensei alisharudi kwao. Tiketi za Tokyo Dome hakupata. Akaniandikia kwamba atanipigia simu ya video aiegeshe mbele ya runinga yake, nami niangalie. Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo mechi yao ya usiku kwetu ilianza saa sita na nusu mchana, saa ambayo duka lina watu. Nilinunua bando la kutosha, nikaiegemeza simu kwenye kopo la grisi juu ya kaunta.

"Mjomba, hiyo sinema gani?" mjomba aliuliza. Sisi huitana hivyo, yeye kwangu na mimi kwake.

"Besiboli, mjomba. Iko Tokyo sasa hivi. Yule namba 51 ndiye niliyekuwa nakwambia."

"Kafunga?"

"Leo bado."

Mjomba ni mtu wa kandanda, na kandanda humhesabia mtu mabao. Lakini ana moyo wa kusikiliza, na kila mteja alipotoka alirudi kwenye kaunta na swali jipya. Ndivyo nilivyomweleza maisha ya Ichiro vipande vipande, katikati ya plagi na brekipedi. Nikamwambia baba yake alimwanzisha utotoni na kumfundisha kupiga kwa mkono wa kushoto ingawa hurusha kwa kulia, kwa sababu anayepiga kushoto husimama hatua moja au mbili karibu zaidi na kituo cha kwanza. Mjomba alitabasamu. Hiyo aliielewa moja kwa moja, ni akili ya mfanyabiashara.

Nikamwambia alivyohamia Seattle mwaka 2001. Warushaji wa Kijapani walikuwa wameshatangulia Marekani, ila hakuna Mjapani aliyekuwa amekwenda kule kwa kazi ya kupiga kila siku, na wapo waliosema mwili wake mwembamba hautaweza mipira ya kule. Msimu wake wa kwanza alipata hiti 242. Katika kila mara 100 za kupiga zilizohesabiwa, alifanikiwa 35, na hakuna mwingine katika ligi yake aliyemfikia. Aliiba vituo 56, yaani alikimbilia kituo cha mbele bila kungoja mwenzake apige. Wakampa tuzo ya mchezaji mpya bora na tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa mwaka mmoja, jambo ambalo kabla yake alilifanya mtu mmoja tu, Fred Lynn wa Boston, mwaka 1975. Na timu yenyewe ilishinda mechi 116 kati ya 162.

"Kumbe si mtu wa mchezo," mjomba alisema, akaenda kutafuta bush za Rav4.

Aliporudi nikampa ya 2004. Rekodi ya hiti nyingi katika msimu mmoja ilikuwa 257, ya George Sisler, tangu mwaka 1920. Ichiro aliivunja tarehe 1 Oktoba 2004, nyumbani Seattle, akamaliza msimu na 262.

Mjomba aliweka kalamu chini. Anapenda sana historia, na tarehe za nchi hii anazo kichwani.

"Elfu moja mia tisa na ishirini? Mwaka Mwingereza anaipa nchi hii jina la Tanganyika?"

"Huo huo."

"Ikakaa mpaka juzijuzi hapa?"

"Miaka 84, mjomba."

Akavuta kigoda, akakaa. Kuanzia hapo mauzo yalikuwa yangu mimi na yeye akawa mwangaliaji. Nikamwambia jinsi alivyopitisha hiti 200 misimu kumi mfululizo, 2001 mpaka 2010, bila kukosa hata mmoja. Nikamwambia ya 3,000 katika ligi ya Marekani, aliyoipata Agosti 2016 kule Denver akiwa na Miami Marlins, miaka 42: mpira uligonga ukuta wa kulia naye akakimbia mpaka kituo cha tatu. Wengi waliofika 3,000 kabla yake walianza ligi hiyo wakiwa vijana wadogo. Yeye aliingia akiwa na miaka 27.

Picha ilikuwa inagandaganda. Kuna wakati tulikuwa tunamsikia Sensei tu, tunaona runinga yake imesimama na mrushaji kainua mguu. Mara tatu za kwanza Ichiro aliposimama kupiga hakupata kitu. Katikati ya mechi Sensei akashika simu, uso wake ukajaa kioo, akasema kwa sauti ya chini kwamba vyombo vya habari vya Japani vimetangaza: leo ndiyo mwisho, baada ya mechi anastaafu. Akairudisha simu mahali pake.

Raundi ya nane, saa kumi inanukia, akatoka tena. Mtu akaingia dukani kutaka brekipedi za IST, mjomba akamwonyesha kiganja asubiri. Namuona Ichiro mpaka sasa: anainua fimbo wima kwa mkono wa kulia, imeelekea kwa mrushaji, mkono wa kushoto unavuta begani kitambaa cha jezi kidogo tu, kisha fimbo inarudi nyuma ya sikio. Alikuwa akifanya hivyo tangu Kobe. Watu zaidi ya 45,000 walikuwa wamesimama.

Akapiga chini. Mpira ulikwenda kwa mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu, mpira wa kawaida kabisa, wa aina ambayo wachezaji wengi huukimbilia nusu nusu kwa kuwa jibu wanalijua. Ichiro alikimbia. Alikimbia kichwa chini, mikono inakata, kama kijana anayejaribiwa kuchukuliwa timu. Mpira na mguu vilifika kituoni karibu sawa. Mwamuzi akaonyesha ametoka.

Mteja wa brekipedi, ambaye hakuwa anajua lolote la besiboli, alisema, "Ah, wamemwonea." Hawakumwonea; mpira ulitangulia kidogo sana.

Wenzake walipoingia kulinda, alikimbilia nafasi yake ya upande wa kulia. Kisha wakamwita atoke, na timu nzima ikarudi pembeni kumngoja. Alikuwa anatembea na kuinua mkono, akawakumbatia mmoja mmoja. Yusei Kikuchi, mrushaji wa Kijapani aliyekuwa anacheza mechi yake ya kwanza ya ligi hiyo usiku ule ule, alilia waziwazi kifuani kwake. Simu ikaanza kutikisika. Sensei alikuwa ameishika tena, hasemi neno, na mafua ya kilio tuliyasikia wote wawili.

Mjomba alikuwa amesimama bila mimi kumuona akisimama.

"Ana miaka mingapi umesema?"

"Arobaini na mitano."

"Na hiti zote hizo anazo tayari?"

"Anazo."

"Na kakimbia vile kwa mpira ule?"

Akatoka nje, akamwita yule fundi wa hesabu za pointi aje aone. Fundi alikuta wanakumbatiana, akauliza nani kafunga, na mjomba ndiye aliyemweleza, kuanzia 1920. Nilimwachia. Alikosea jina la Sisler, mengine yote aliyapata.

Mechi ilikwenda mpaka raundi ya 12, Mariners wakashinda 5-4. Kwetu ilikuwa saa kumi na moja, milango ya chuma ya Gerezani inashushwa mmoja baada ya mwingine. Watu wa Tokyo Dome hawakuondoka. Walikaa wakimwita mpaka akarudi uwanjani, peke yake, akauzunguka akiwapungia mkono. Bando langu lilikata akiwa bado anazunguka. Baadaye Sensei aliniandikia mstari mmoja, akiuliza watoto wangu wanaendeleaje. Nilikuwa nimeanza kufundisha watoto kwenye kiwanja cha shule moja ya msingi, Temeke.

Jumamosi mjomba alikuja na mimi. Hakuwa amewahi. Alibeba futikamba ya dukani maana alitaka umbali wenyewe, si wa kukadiria kwa hatua: mita 27.43 kutoka kwa mpigaji hadi kituo cha kwanza. Tukaivuta mimi na yeye, tukaweka matofali. Nikamwambia Ichiro alikuwa anaumaliza chini ya sekunde nne akitoka kupiga. Akasimama kwenye tofali la kituo na saa ya simu yake, na watoto wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mmoja anapiga mpira wa chini niliomtupia kisha anakimbia. Wavulana wakubwa wawili walipunguza mwendo mpira ulipodakwa, mjomba akawarudisha mwanzo wa mstari. Kisha akaja msichana wa darasa la sita, mwembamba, peku. Alipiga vibaya, mpira ukadunda mara mbili na kusimama, naye hakuutazama hata. Mjomba aliangalia saa, akaitikisa, akaangalia tena.

"Rudia, mama," alimwambia. "Sekunde tano hazijafika hapa. Rudia nione."